Betri Iliyopewa Chumba cha Mbele

Mtu aliyeitwa Shemeji hakuwa shemeji wa mtu yeyote. Hakuwa na mke, hakuwa na dada, na kama alikuwa na kaka basi kaka huyo alikuwa na busara ya kukaa kimya. Jina alijipatia mwenyewe, kwa kumwita kila aliyekutana naye "shemeji" kabla mtu huyo hajapata nafasi ya kuuliza yeye ni nani. Ni ujanja mdogo lakini una faida yake. Mgeni unaweza kumfukuza, jirani unaweza kumnunia, ila shemeji utamfukuzaje kabla hujakumbuka kamwoa nani? Mpaka uje kukumbuka, chai yako ameshaimaliza.

Asubuhi ile bahati ilipomwangukia, Shemeji alikuwa katika hali isiyomstahili kabisa: alikuwa anafanya kazi. Alikuwa ameinama nyuma ya gari la mwenye nyumba wake, mikono juu ya buti, anasukuma.

Mwenye nyumba huyo wapangaji walimwita Kufuli, ingawa mbele yake walisema "Mzee". Alifunga kwa kufuli kila kitu kinachofungika: bomba la maji, mlango wa choo, swichi ya taa ya uani, hata mfuniko wa pipa la taka, asije mtu akaokota kitu alichokwisha kukitupa. Gari lake lilikuwa la zamani na refu, na betri yake ilikuwa inakufa kila siku. Jioni linarudi likinguruma vizuri, asubuhi ukilitia ufunguo linasema "tk" na kunyamaza. Mtu mwingine angelipeleka kwa fundi wa magari. Kufuli alikuwa na wapangaji. Hakukuwa na sheria ya kumlazimisha mpangaji kusukuma, hasha, kila mtu alikuwa huru. Ila asiyesukuma alikuta bomba limefungwa siku yake ya kufua.

Basi walisukuma. Kulia alisukuma Shemeji. Kushoto alisukuma Fundi, mwanamke mshona nguo aliyepanga chumba cha nyuma kabisa, kule kwenye mtaro, ambako wateja wake walifika wameshika pua kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine. Chumba cha mbele, chenye mlango wake wa barabarani, kilikuwa kitupu tangu mpangaji wake wa mwisho ahame. Fundi alikuwa akimwomba Kufuli chumba hicho kila mwisho wa mwezi. Kibao cha duka alikwisha kukipaka rangi, "USHONAJI WA KISASA", na kilikuwa kimegeuzwa ukutani nyuma ya mlango wake, kikisubiri. Kufuli alimjibu kila mara, "Nafikiria." Na kwa kweli alikuwa anafikiria: alifikiria kwamba akingoja kidogo, kodi inaweza kupanda.

Asubuhi hiyo kulikuwa na wingu na giza lilikuwa halijaisha. Shemeji, pua ikikaribia kugusa buti, aliona kitu. Kwenye ufa wa mfuniko kulikuwa na mwanga mwembamba, wa njano. Taa ya ndani ya buti ilikuwa inawaka. Alitazama vizuri. Buti limefungwa, na taa inawaka. Ina maana iliwaka usiku kucha, na usiku wa jana, na juzi, ikiinyonya betri taratibu kama mtoto wa ng'ombe. Kufuli asingeiona kamwe, kwa sababu mtu anayekaa kwenye usukani haoni yanayoonwa na mtu anayesukuma.

Mtu mwema angesimama wima na kupaza sauti: "Mzee, chomoa taa ya buti, gari lako limepona!" Na mtu mwema angelipwa ahsante, ambayo haikaangwi wala haichemshwi. Shemeji alifunga mdomo, akasukuma kwa bidii mpya, na gari lilipowaka likamwachia moshi usoni, alitabasamu ndani ya moshi huo.

Jioni alimfuata Kufuli barazani. Alimkuta ameshika tama.

"Shemeji," alisema kwa upole, "naona mawazo."

"Mimi si shemeji yako," alisema Kufuli. "Ni harusi ya binti yangu. Nimewaambia wakwe kwamba nitampeleka bibi harusi ukumbini mwenyewe, kwa gari langu. Nimesema mbele ya watu. Sasa nitampelekaje? Nisukumwe? Wakwe waone mkwe wao anasukumwa kama mkokoteni wa mkaa?"

"Nunua betri mpya."

Kufuli alimtazama kama aliyeambiwa auze figo.

"Vizuri," alisema Shemeji haraka, "usinunue! Ningekushangaa. Betri yako si mbovu, Mzee wangu. Mimi nimeisikiliza. Betri yako inaota."

"Inafanya nini?"

"Inaota ndoto. Betri ni kitu cha safari, mchana kutwa iko njiani. Usiku ikiachwa peke yake gizani, inaota iko safarini. Inapanda milima, inashuka, inapiga honi. Asubuhi imechoka taabani, na hapo ndipo wewe unaitia ufunguo! Wewe mwenyewe ukikimbia usiku kucha halafu mtu akakutia ufunguo asubuhi, utawaka?"

Kufuli alifikiri. Alikuwa mgumu wa kutoa lakini si mgumu wa kudanganywa, na watu wa namna hiyo ni wengi kuliko tunavyokiri. "Dawa yake nini?"

"Ilale na mtu. Ilale ndani, pakavu, penye joto, na mtu wa kuitazama isianze kuota. Chumba changu kina unyevu, kitaiua. Ingekuwa chumba kama kile cha mbele..."

"Chumba cha mbele ni cha kodi ya juu."

"Najua. Ndiyo maana nasema basi, tuache. Wakwe ni watu waelewa, labda watasaidia kusukuma."

Usiku huo betri ya Kufuli ililala chumba cha mbele. Asubuhi Shemeji aliibeba, akaifunga mahali pake mbele ya wapangaji wote waliokuwa wamekwisha kukunja mikono ya mashati, na Kufuli akatia ufunguo. Gari likanguruma mara moja. Bila shaka lilinguruma. Betri iliyochomolewa hainyonywi na taa. Lakini Kufuli hakujua hilo. Alishuka, akamshika Shemeji mabega, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamka neno ambalo halikuwa bei.

"Daktari!" alisema.

Fundi alisimama pale uani akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Alilitazama gari, akalitazama buti, akamtazama Shemeji. Kisha alirudi chumbani kwake na kukaa karibu na kile kibao, na nitasema wazi kwamba alilia. Miaka yote ya kuomba, na chumba kimepewa betri.

Maisha ya Shemeji yakanawiri. Siku ya pili alimweleza Kufuli kwamba anayelala na betri hapaswi kuwa na njaa, kwa kuwa mwili wenye njaa hunyonya chaji kutoka kitu chochote kilicho karibu. Ikaletwa supu. Siku iliyofuata akaagiza mayai. Halafu maziwa, halafu asali kwa ajili ya kifua, na Kufuli alipouliza betri ina kifua wapi, aliambiwa kwa huzuni kwamba maswali kama hayo ndiyo yaliyoiumiza betri tangu mwanzo. Mke wa Kufuli akawa analeta sinia asubuhi na jioni, limefunikwa kitambaa safi, akibisha hodi kwa sauti ndogo.

"Mgonjwa ameamkaje, Daktari?"

"Hajambo, Mama. Jana amekunywa maji kidogo. Leo tutajaribu kuku."

Hapo Shemeji angetosheka, habari hii ingekuwa fupi na yeye angekuwa amenenepa. Lakini alisahau kwamba alikuwa anamdanganya mtu mwenye tamaa, na tamaa ni mnyama anayetembea hata ukimfunga. Wiki haikuisha, Kufuli aliingia chumba cha mbele akifuatwa na jirani aliyebeba betri kifuani.

"Mlaze na huyu," alisema Kufuli.

"Mzee, mimi ni mtu mmoja."

"Na chumba ni kimoja, na ni changu." Akampokea jirani kitu kidogo cha kitanda, akakitia mfukoni mwake mwenyewe. "Wewe si unakula supu? Kula supu. Haya mengine niachie mimi."

Habari ikasambaa mtaani. Zikaja betri za teksi, za gari la mkate, za pikipiki ya mwalimu. Baadhi ya magari hayo hayakuwa na tatizo lolote, na wenyewe ndio walioshukuru zaidi. Kila jioni Shemeji alizunguka mtaa mzima akichomoa betri na kuzibeba. Kila alfajiri alizirudisha, moja moja, kabla wenyewe hawajaenda kazini. Betri ni kitu kidogo kwa macho, lakini muulize mgongo. Akaanza kutembea amepinda. Maji ya betri yakamdondokea kwenye suruali, na maji yale hayana urafiki na kitambaa: mahali yalipodondoka palifanya tundu. Mtu aliyekimbia kazi maisha yake yote alijikuta ameajiriwa na uongo wake mwenyewe, bila likizo.

Akaenda kwa Fundi kuwekewa viraka. Alikaa kwenye kigoda amejifunga kanga aliyoazimwa, huku Fundi akiikunjua suruali na kuitazama dhidi ya mwanga.

"Matundu kama chujio," alisema Fundi.

"Kazi ya udaktari, shemeji. Tunajitolea."

"Mm." Akatia uzi kwenye sindano. "Na ile taa ya buti unaionaje siku hizi? Bado inawaka?"

Shemeji aliikaza kanga kiunoni.

"Wewe ulikuwa unasukuma kulia," aliendelea Fundi bila kuinua macho, "mimi nikisukuma kushoto. Ufa wa buti uko katikati. Au ulidhani macho umepewa peke yako?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja niseme siku ambayo neno hilo lingenipatia chumba. Ukaniwahi. Sawa, mjini shule. Lakini sikiliza, mimi supu yako siitaki. Nataka mlango wa barabarani. Harusi ikipita utachomoa taa, utamwambia Mzee mgonjwa amepona, na utatoka kwenye chumba changu. La sivyo nitasema."

"Shemeji yangu," alisema Shemeji, mkono juu ya kifua, "naapa. Harusi ikipita, chumba chako."

Kiapo cha Shemeji kilikuwa na thamani sawa na ile kanga: cha kuazima, na lazima kirudishwe.

Wakwe walifika siku moja kabla ya harusi, kutoka mji wao, kwa magari matano mazuri yanayong'aa. Kufuli alipoyaona tu, mkono wake ukaanza kuwasha. Aliwaeleza wageni kwamba hewa ya mtaa huu inawatia betri ndoto mbaya, lakini wasihofu, hapa kuna wodi. Wakwe walitazamana. Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye mashaka, alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo. Ila nani anataka ugomvi na mkwe kabla ndoa haijafungwa? Wakatoa betri zao, na wakatoa kitu kidogo cha kitanda. Wagonjwa wa kawaida waliruhusiwa kurudi makwao ili kupisha wageni.

Shemeji alizipanga betri tano kando ya godoro, akazitazama. Zilikuwa mpya, nzito, safi. Kila moja ingepata mnunuzi kabla ya saa ya chai katika mji wowote wa jirani. Mgongo ulimuuma, suruali ilikuwa viraka vitupu, na kesho kutwa chumba kinatakiwa na mwanamke mwenye sindano. Akafikia uamuzi ambao, kwa maoni yake, ulikuwa wa haki: angeondoka na wagonjwa wote. Na angeondoka na ambulansi pia, maana ufunguo wa gari la Kufuli alikuwa nao yeye, kama daktari.

Jua lilipokuwa linazama na watu wote wako ndani wakishindania pilikapilika za harusi, aliirudisha betri ya Kufuli garini na kuifunga. Kesho alfajiri hapatakuwa na muda wa kuhangaika na spana. Akafungua buti, akapanga zile tano ndani, akazifunika gunia. Na hakuwa mjinga: aliichomoa ile taa ndogo ya buti kwa vidole viwili, akaitia mfukoni. Betri ikilala garini usiku huu italala salama, hakuna wa kuinyonya. Akafunga buti, akageuka, akakutana uso kwa uso na Fundi.

Fundi alikuwa amebeba gauni la bibi harusi kwa mikono yote miwili, jeupe, lenye mkia mrefu usioisha.

"Shikamoo Daktari," alisema, ingawa alimzidi umri. "Unamwandaa mgonjwa?"

"Namwandaa kwa ajili ya kesho, shemeji. Nimemweka apate kuzoea hewa ya harusi."

"Vizuri. Mama amesema gauni lining'inizwe humu garini. Kwangu kuna unyevu, na ndani kila kiti kimekaliwa na shangazi. Nifungulie mlango wa nyuma."

Shemeji alifungua upesi. Hata alifurahi. Gauni jipya la harusi nalo lina wanunuzi wake. Fundi alilitundika juu ya dirisha, akaukusanya mkia mkunjo kwa mkunjo, akausukuma mlango polepole, kwa kiganja, kama anayemlaza mtoto. Halafu, vioo vikiwa bado vinang'aa kwa jua la mwisho, wakasaidiana kulifunika gari na turubai kubwa ambalo Kufuli hulitumia kulikinga na vumbi, wakalifunga kamba pande zote.

"Lala salama, Daktari," alisema Fundi.

Alfajiri, jogoo wa jirani akiwa ndiyo kwanza anasafisha koo, Shemeji alitoka na kifurushi chake. Aliufunga mlango wa chumba cha mbele, ufunguo akautia mfukoni. Akafungua kamba, akalivuta turubai. Ndani ya gari, juu ya dari, kilikuwa kinang'aa kitone chekundu, hafifu, kama kijiti cha ubani kinachoisha. Wakati anakitazama, kikazimika.

Alizunguka upande wa nyuma. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Kipande cha mkia wa gauni kilikuwa kimekaa sawasawa katikati ya mlango na fremu yake, kimekunjwa mara nne, hakijachanika hata uzi. Taa ya dari ya gari huwaka mlango usipofungwa, na iliwaka chini ya turubai usiku mzima.

Akaingia, akatia ufunguo.

"Tk," lilisema gari.

"Daktari!" Kufuli alikuwa amesimama barazani na suti, tai imekaa upande, macho yamejaa machozi ya furaha. "Umeamka kabla yangu! Jamani, njooni mumwone mtu mwenye moyo!"

Wakatoka wote: mke wa Kufuli, mashangazi, wapangaji, wakwe na mjomba mnene. Wakalizunguka gari. Jua likapanda, bibi harusi akavaa, akaingizwa kiti cha nyuma na mashangazi wawili wenye afya tele, na Fundi akakaa karibu yao kuushika mkia. Kufuli akashika usukani kwa mikono yote miwili, akawapungia wakwe, akatia ufunguo.

"Tk."

Tai ya Kufuli ilionekana kumkaba yenyewe.

"Daktari," alinong'ona dirishani. "Fanya kitu. Wananitazama."

Hebu mfikirie Shemeji. Nyuma yake, umbali wa mkono, ndani ya buti, kulikuwa na betri tano nzima. Yoyote kati ya hizo ingeliamsha gari lile kwa kufumba na kufumbua. Na asingeweza kulifungua buti hilo hata kwa mtutu wa bunduki, kwa sababu wenye betri walikuwa wamelizingira.

"Mbona ni jambo dogo," alisema mjomba mnene. "Betri yangu ni mpya. Fungua hiyo wodi, tuilete, tuiweke hapa. Ufunguo uko wapi?"

Jasho lilimtoka Shemeji mpaka kwenye viraka. Aliufunika kwa kiganja mfuko wenye ufunguo.

Ndipo Fundi akatoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti ya adabu, "Wageni wetu, samahani. Daktari alisema wagonjwa wasiamshwe kabla ya adhuhuri. Na alisema ufunguo wa wodi nikabidhiwe mimi. Sivyo, Daktari? Au nimesahau? Nikumbushe, maana nikisahau naweza kusema kitu kingine."

Macho yao yakakutana. Shemeji alielewa, na alielewa vilevile kwamba itambidi aifanye kazi ile vizuri kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote.

"Ndivyo hasa!" alipaza sauti. Akatoa ufunguo, akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili. "Mzee wangu, nilikuwa nakuficha nisikutie hofu siku ya furaha. Unajua kwa nini betri imekufa leo? Imesikitika! Inajua harusi ikipita nitaondoka, na chumba cha mbele kitabaki kitupu. Betri ikishazoea chumba, chumba hicho kikikaa bila mtu inakufa moja kwa moja, na gari lake, na honi yake. Lazima akae humo mtu mtulivu, mwenye mkono mwepesi, mwenye mashine inayolia polepole usiku. Cherehani, kwa mfano. Ahadi itolewe sasa hivi, mbele ya mashahidi."

"Akae nani?" aliuliza Kufuli, akiwa amechanganyikiwa.

"Mimi naweza kujitolea," alisema Fundi.

"Kwa kodi ya mbele?"

"Kodi ya nyuma!" alisema Shemeji upesi, maana kidole cha Fundi kilikuwa kinaelekea kwenye buti. "Ile ile, isipande. Kodi ikipanda, betri inashuka. Ni sayansi, Mzee."

Wakwe wote walikuwa wanamtazama Kufuli. Mbele ya wakwe mtu hawezi kuonekana bahili, hata akiwa bahili wa kuzaliwa. Kufuli alishusha pumzi iliyotoka kwenye soli za viatu. "Chumba ni chako, Fundi," alisema. "Kodi ya nyuma. Wote mmesikia."

"Tumesikia," walisema wakwe.

"Na gari?" aliuliza Kufuli.

"Gari," alisema Shemeji kwa unyonge, "leo lisukumwe. Kwa heshima."

Wakalisukuma. Wakwe walivua makoti, wapangaji wakakunja mikono, mashangazi wakapiga vigelegele. Katikati, tumbo limebanwa kwenye mfuniko wa buti ili usije ukafunguka, alikuwa Shemeji. Kwa kawaida gari lile lilipata mwendo na kuwaka kabla ya kona ya kwanza. Leo halikupata mwendo.

"Mbona zito hivi?" alihema mjomba mnene. "Limebeba mawe?"

"Baraka, shemeji," alisema Shemeji. "Baraka ni nzito."

Kwa mtu aliyekaa ndani, ukumbi haukuwa mbali. Bibi harusi alisema baadaye kwamba hajawahi kupanda gari linalokwenda taratibu na kwa utukufu kama lile, na watu wa barabarani walisimama na kupiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Kufuli alianza kupunga mkono. Kufikia mlango wa ukumbi alikuwa ameshaamini kwamba wazo lilikuwa lake.

Watu walipoingia ndani, Fundi alibaki nyuma kidogo akikunjua mkia wa gauni.

"Sherehe ni ndefu, Daktari," alisema. "Ngoma, hotuba, picha. Nyumbani kuna magari matano yasiyo na betri, na betri unajua ziko wapi. Nenda taratibu, usijichubue."

Alizibeba. Moja moja, begani, kwa miguu, kutoka ukumbini mpaka uani, huku muziki ukimfuata nyuma na harufu ya chakula ikimfuata mbali zaidi. Wakwe waliporudi jioni, magari yote matano yaliwaka kwa mguso mmoja. Mjomba mnene alimpa mkono kwa heshima kubwa, akakiri kwamba alikuwa amemshuku, akaomba radhi. Kisha akaendesha gari lake hadi ukumbini, akaligusisha la Kufuli kwa waya, likanguruma.

Tangu siku hiyo betri ya Kufuli haijafa hata mara moja. Itakufaje? Taa ya buti ilikuwa mfukoni mwa Shemeji. Yeye, mwizi, ndiye aliyeliponya gari, na sifa zote zilikwenda kwenye cherehani iliyokuwa ikilia polepole chumba cha mbele, chini ya kibao cha USHONAJI WA KISASA. Kufuli alipita hapo kila asubuhi akitembea kwa ncha za vidole. Alimuuliza Fundi kama anahitaji chochote. Kupandisha kodi hakuthubutu hata kuwaza.

Shemeji alihamia chumba cha nyuma, kwenye mtaro, kwa kuwa ndicho kilichobaki. Supu haikuja tena. Alikaa humo siku nyingi akinusa na kufikiri, mpaka siku moja akacheka peke yake. Jambo lilikuwa rahisi. Kuirudisha ile taa tu! Taa ikirudi, betri itakufa. Betri ikifa, cherehani itaonekana imeshindwa. Na Daktari ataitwa tena, na kuku ataletwa.

Suruali yake ilikuwa kwa Fundi tangu juzi, maana zile safari tano ziliongeza matundu. Alikwenda kuichukua. Fundi alimkabidhi ikiwa imefuliwa, imepigwa pasi, viraka vimekaa kama vya dukani, na akakataa malipo.

"Zawadi," alisema. "Nenda salama, shemeji."

Jioni, uani pakiwa kimya, Shemeji aliivaa, akanyata hadi nyuma ya gari. Akafungua buti kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akaupeleka mfukoni.

Mkono haukuingia. Akajaribu mfuko wa pili. Haukuingia. Akajaribu wa nyuma. Mifuko yote ilikuwa imeshonwa, mshono mdogo mdogo, mzuri, wa uzi imara. Alipoipapasa kwa nje, yote ilikuwa mitupu.

Kule mbele cherehani ilikuwa inalia.